Mwonja Chumvi wa Nana Fadhiya

Ramadhani ile Nasiha alifanya kosa la kumpa mwanawe Khubaib sahani.

Mwenye kuishi Mji wa Kale anajua kwamba mwezi huo hauendi bila sahani. Karibu na magharibi vichochoro vya Kibokoni hujaa watoto waliobeba sahani zilizofunikwa vitambaa. Huyu anapeleka kaimati kwa jirani, yule anarudi na sambusa, na sahani hairudi tupu ila kwa watu wasio na haya. Kazi hiyo ni ya watoto. Khubaib, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka mitano, aliililia mpaka akapewa. Na kubeba alibeba vizuri, asisingiziwe. Hakumwaga hata tone la shira. Tabu yake ni kwamba pamoja na sahani alibeba na maneno.

Siku aliyoanza kazi alitumwa kwa Sugrabai, jirani Mbohora wa nyumba ya mkabala, mwanamke mnene mcheshi ambaye yeye na Nana, bibi yake Khubaib, walikuwa wamepelekeana vyakula tangu wote wawili wakiwa maharusi. Sugrabai alipokea kaimati, akamshika mtoto shavu, akamuuliza, "Na Nana hajambo? Sambusa zangu za jana kazipenda?"

"Hajambo," akasema Khubaib. "Amesema zimejaa vitunguu. Nyama ilichungulia tu ikaenda zake."

Sugrabai alicheka hata akashika mlango. Kesho yake akaleta sambusa zilizojaa nyama mpaka zinapasuka, na salamu kwamba safari hii nyama imeambiwa ikae. Mtaa mzima ulicheka. Nasiha hakucheka.

Hakucheka kwa sababu halikuwa la kwanza. Wiki moja kabla ya mwezi kuandama, wifi yake Mariya alikuja kutoka Tononoka bila kuarifu, kama desturi yake, akabisha hodi. Khubaib akamfungulia, akambusu mkono kama alivyofundishwa, akasema, "Shangazi, mama kasema ikiwa ni wewe niseme amelala." Mariya akapanda ngazi akamkuta wifi yake aliyelala anakuna nazi.

"Mwanao ana walakini," akasema Mariya, baada ya kuketi na kunywa maji na kuhakikisha kwamba aibu imemwingia Nasiha vizuri. "Areeba wangu ni rika lake. Ukimkuta na sukari mdomoni atakwapia ni paka kala. Atakuonyesha na paka mwenyewe. Huyu wako hajui kuficha kitu. Mtoto wa umri huu, wifi, si kawaida."

Kila mama na fahari yake, na Mariya fahari yake ilikuwa mwana muongo. Lakini neno lile, walakini, lilimwingia Nasiha likakaa. Akaanza kumtazama mwanawe kwa jicho jingine. Katika mchezo wa kujificha, Khubaib alikuwa akisimama katikati ya ukumbi, akajifunika uso kwa kanga ya mama yake, akangoja kutafutwa. Kwa kuwa yeye haoni mtu, basi hakuna anayemwona. Akipita mahali watu wanakula, wakamwambia "karibu" kwa adabu tu, kama tunavyoambiana sote, huvua ndara zake akakaa akala. Ukimuuliza siri ya nyumba atakupa, na ukisahau kumuuliza atakukumbusha. Baba yake, Athmani, aliyekuwa karani wa wakala wa mizigo Kilindini na kushinda siku nzima na watu wanaodanganya kuhusu yaliyomo ndani ya makontena, alisema, "Mwache. Huyo ndiye mtu pekee ninayezungumza naye kwa siku nzima nikamwamini." Nasiha hakupata faraja. Baba huona mtoto jioni. Mama ndiye anayepokea malalamiko ya mtaa.

Mwishowe akamwendea Bi Kadzo, mwalimu wa chekechea ya Khubaib. Bi Kadzo alikuwa mtu wa maneno machache na mikono yenye rangi za watoto zisizotoka kwa sabuni. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtaka angoje kando, akamwita mtoto na kuweka mezani kopo la biskuti.

"Humu mna nini, Khubaib?"

"Biskuti," akasema, na mate yakamjaa.

Bi Kadzo akafungua. Ndani mlikuwa na kalamu za rangi. Khubaib alihuzunika kidogo. Mwalimu akafunga kopo, akasema, "Mama yako yuko kule, hajaona ndani. Nikimwonyesha kopo hili limefungwa hivi, atasema mna nini?"

"Kalamu."

"Na wewe, kabla sijafungua, ulisema mna nini?"

"Kalamu," akasema Khubaib, na alikuwa tayari kuapa.

Bi Kadzo akamwachia kalamu achore, akamrudia mama. "Mwanao hana ugonjwa," alisema. "Ila kwake yeye, akijualo ndilo walijualo watu wote. Bado hajagundua kwamba kichwa cha mwenzake ni chumba kingine, chenye vitu vyake. Sasa atakudanganyaje, naye anadhani unaona yote aliyo nayo? Wengine mlango huo huwafungukia mapema, wengine hukawia. Wake utafunguka."

"Lini?"

"Hautapiga hodi, Mama Khubaib. Ila siku akikudanganya mara ya kwanza usimpige. Njoo unambie."

Nasiha alirudi nyumbani moyo umetua kidogo, na huenda ungetua kabisa kama si mambo ya jikoni.

Jiko la nyumba ile lilikuwa na mwenyewe, naye ni Nana Fadhiya, mamake Athmani. Tangu mumewe, Mzee Gharib, alipofariki, hakuna kitu alichokishikilia kama jiko lile. Nasiha aliruhusiwa kukuna nazi, kukanda unga, kukaanga kaimati. Chungu chenyewe hakukigusa, wala hakutaka, maana mkwe wake alikuwa mpishi wa kutajwa. Mbaazi zake za nazi zilikuwa na sifa kutoka Kuze mpaka Mlango wa Papa. Wapishi wengine mwezi wa Ramadhani hawana budi kuwa na mwonja chumvi: mtoto asiyefunga, anayeitwa jikoni alasiri, akapewa upawa, akaulizwa imekolea au bado. Nana Fadhiya hakuwahi kumwita mtoto. "Mkono wangu una ulimi," alikuwa akisema. Akichota chumvi kiganjani huitupa chunguni bila kuitazama, na haikuzidi wala haikupungua miaka yote hiyo.

Mwezi wa Shaabani alishikwa na mafua na homa, akalala kitandani hata wakaogopa. Akapona, alhamdulillahi, akarudi jikoni kwake siku ya kuandama mwezi.

Futari ya kwanza, Athmani alifungua kwa tende, akanywa maji, akamega muhogo wa nazi. Akatafuna mara moja. Akamtazama mkewe. Nasiha alikuwa na tonge lake kinywani, na hakuwa na pa kulipeleka ila kulimeza. Ilikuwa chumvi ya kuhifadhia papa.

"Mikono yako isione maradhi, mama," akasema Athmani, machozi yakimlengalenga.

"Kula, mwanangu, umechoka," akasema Nana Fadhiya kwa furaha.

Kesho yake uji haukuwa na sukari hata chembe, na keshokutwa ulikuwa shira. Haikuhitaji daktari: mafua yalikuwa yameondoka na ladha yote ya bibi. Chumbani Athmani alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Mimi simwambii. Na wewe usimwambie. Baba hayuko, magoti hayamfikishi tena hata sokoni. Kilichobaki ni jiko lile. Tukimwambia halimtaki tena, abaki na nini?"

Basi wakawa wanakula. Mariya naye alipokuja kufuturu, mtoto wa kuzaa wa Nana, alionja, akaduwaa, kisha akaomba aongezwe. Kwa tendo lile Nasiha alimsamehe mengi. Jagi la maji lilijazwa na kujazwa tena. Nyumba nzima ikawa nyumba ya waongo, na mwezi ni Ramadhani. Walikuwa waongo wa kupendana, lakini waongo.

Hatari ilikuwa moja, nayo ilikuwa ikikimbia ukumbini bila kaptura.

Kwa bahati Khubaib alilishwa mchana na mama yake, na magharibi alishiba kaimati na tende, kwa hiyo hakuwa amekionja chakula chenyewe. Lakini bahati haina mshahara. Siku yoyote ingeacha kazi. Siku moja Nasiha akamketisha kitandani amfundishe.

"Sikiliza, babangu. Ukila chakula cha Nana, sema kitamu."

"Hata kama si kitamu?"

"Hata kama si kitamu."

Khubaib akafikiri. "Maalim kasema muongo hana saumu."

"Wewe hufungi."

"Wewe unafunga," akasema Khubaib.

Nasiha alikuwa amelelewa na wazazi wacha Mungu, naye yuko hapa, mchana wa Ramadhani, anamfundisha mtoto uongo na mtoto anamfundisha dini. Akasema, "Basi fanya tu nilivyokwambia," neno ambalo wazazi wote hulikimbilia hoja zikiwaishia.

Khubaib alifanya alivyoambiwa kwa njia yake. Akatoka moja kwa moja hadi jikoni, na Nasiha aliyekuwa nyuma yake alimsikia akisema kwa sauti safi, "Nana, mama kasema nikila chakula chako niseme kitamu."

Nasiha akashika ukuta wa ngazi. Ndani ya jiko upawa uliacha kugonga chungu.

"Kwani si kitamu?" akauliza Nana Fadhiya.

"Sijui. Sijala."

"Haya, babangu. Nenda kateze."

Nana Fadhiya hakusema kitu zaidi, wala siku ile wala ya pili yake. Nasiha alianza kutumai kwamba neno limepita. Lakini mtu aliyepika miaka yote ile hapitwi na neno jikoni kwake. Siku zilizofuata Nasiha alimkuta akilitazama jagi la maji lililokauka. Akamwona akimtupia paka kipande cha samaki kilichobaki. Paka akanusa, akamtazama bibi kama anayeuliza amemkosea nini, akaenda zake. Paka wa Mji wa Kale akikataa samaki, kuna jambo.

Na sasa kumi la katikati lilikuwa linakwisha, na Ijumaa yake ndiyo siku ambayo kila mwaka Nana Fadhiya hupika sufuria kubwa la mbaazi likapelekwa msikiti wa mtaa, watu wafuturu, wamsomee hitima Mzee Gharib. Nyumbani mtu huweza kulia kimyakimya akanywa maji. Msikiti mzima hauwezi. Wangekula wageni, madereva, wazee wa baraza, vijana wasio na breki mdomoni, na kabla ya tarawehe jina la Nana Fadhiya lingekuwa limezunguka mtaa na kurudi.

"Lazima aambiwe," Nasiha alimwambia mumewe.

"Mwambie wewe," akasema Athmani. "Mimi ni mwanawe."

Akampigia wifi yake simu. "Mwambie wewe," akasema Mariya. "Mimi nimeshaomba niongezwe mara nne, nitaanzia wapi?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hilo walilijua wote watatu. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kumtazama mama usoni ukamwambia mkono wake umekufa ni kitu kingine. Nasiha alijaribu. Mara mbili alisimama mlangoni pa jiko, akaona lile bega dogo lililoinama juu ya chungu, akaomba radhi kwamba amekuja kuchukua kisu tu.

Ndipo akamkumbuka mwanawe. Yuko nyumbani mwake mtu anayeweza kumwambia Nana kweli bila kumtia jeraha, maana ukweli wa mtoto haumchomi mtu, huonekana kama mvua, umekuja tu. Alhamisi adhuhuri akamvuta Khubaib kando tena, akaona haya kumtazama.

"Unakumbuka nilivyokwambia juu ya chakula cha Nana? Acha. Leo akikuuliza, sema kweli. Kama si kitamu, sema si kitamu."

"Si ulisema..."

"Nilikosea mimi. Sema kweli tu, kama unavyosema siku zote."

"Haya," akasema Khubaib, ambaye kwake lilikuwa jambo jepesi.

Jioni ile Nana Fadhiya mwenyewe aliwarahisishia kazi. Mariya alikuwapo, Athmani amewahi kutoka Kilindini. Baada ya tende na maji na sala ya magharibi, waliketi kwenye busati, na bibi akaweka katikati bakuli la mbaazi, mafuta ya nazi yanang'aa juu yake, harufu ya iliki inapanda. Kwa macho zilikuwa mbaazi za zamani zilezile.

"Kesho zinakwenda msikitini," akasema. "Leo nataka nyote mzionje, mniambie."

Athmani akachovya hamri. Mishipa ya shingo ikamsimama. "Tamu, mama."

"Mashallah," akasema Mariya, mkono ukitafuta bilauri. "Kama za siku zote."

"Na wewe, Nasiha, mwanangu?"

Nasiha alitia kinywani. Zilikuwa kali kuliko siku zote, ulimi ulijikunja. Akajiambia, sema sasa, usimtwike mtoto mzigo wako. Akamtazama mkwe wake, aliyemfundisha kukanda unga wa mahamri bila kumcheka hata siku moja, na akasikia kinywa chake kinasema, "Tamu, mama."

Nana Fadhiya akaitika kwa kichwa, polepole. "Khubaib," akasema, "ndoo hapa, babangu."

Mtoto akaenda, akaketi pajani kwake. Nana akachota mbaazi kwa kijiko. "Nyumba hii," akasema, "mtu asiyenidanganya ni huyu. Khubaib, maneno ya mama yako na baba yako yaweke kando. Nionjee. Ni tamu, au si tamu?"

Nasiha aliona kijiko kikitetemeka. Alimwomba Mungu, yeye aliyekuwa amemwomba mwaka mzima kwamba mwanawe ajifunze kuficha japo neno moja, sasa akamwomba asifiche. Sema, mwanangu. Wewe ndiye unayeweza.

Khubaib akafungua kinywa, akapokea. Uso ukamkunjika, macho yakajifinya, mabega yakapanda mpaka masikioni. Akameza. Alifungua macho, na tayari neno lilikuwa mlangoni mwa kinywa, Nasiha aliliona. Kisha akamtazama Nana usoni. Alimtazama kwa muda, jinsi hajawahi kumtazama mtu. Akatazama kijiko kilichokuwa bado kinatetemeka hewani, akarudi tena usoni.

"Tamu, Nana," akasema.

"Naomba maji," akaongeza kwa sauti ndogo.

Athmani akamwinulia bilauri, akanywa yote, akapewa nyingine. Nana Fadhiya alikuwa ameinamisha kichwa juu ya nywele za mjukuu wake, na mabega yanamtikisika. Nasiha alidhani analia, akanyanyuka. Lakini bibi alipoinua uso, alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka vilevile.

"Nimetia viganja vitatu vya chumvi," akasema. "Kwa makusudi, kwa mato yangu mawili. Hata mbuzi hazili mbaazi zile. Nyinyi nilijua mtanidanganya, nimewalea mwenyewe. Nikasema, kabaki mmoya." Akambana mtoto kifuani. "Na huyu naye kakua."

Athmani akalisogeza bakuli mbali na mtoto.

"Tangu mafua yale sisikii kitu," Nana Fadhiya akaendelea. "Nimetafuna ndimu, nimetafuna kitunguu. Hakuna. Nilijidanganya kwamba mkono utakumbuka. Kisha paka akakataa samaki wangu."

"Mbona hukutwambia, mama?" akauliza Mariya.

"Na nyinyi mbona hamkunambia? Mlitaka kesho msikiti mzima umsomee marehemu hitima kwa kiu?"

Mariya ndiye aliyeanza kucheka, kisha Athmani, kisha hata Nasiha, kicheko cha watu walioshusha gunia. Bakuli liliondolewa, na walikula sambusa za Sugrabai.

Baadaye, akimnawisha Khubaib mikono, Nasiha alimuuliza, "Mbona hukusema kweli? Nilikwambia useme kweli."

Khubaib akaangalia maji yanavyoanguka. "Nana alikuwa anaogopa."

"Alikwambia anaogopa?"

"La. Hakusema." Akatafuta namna ya kulieleza jambo ambalo asubuhi ya siku ile lilikuwa bado halijakuwapo duniani. "Nilimwona tu. Alitaka niseme kweli, na tena hakutaka."

Nasiha alifunga mfereji. Alikumbuka Bi Kadzo na kopo lake, na kwamba mlango hautapiga hodi. Alikuwa ameungoja mlango huu kwa hofu, akidhani utafunguka na wivu au wizi wa sukari, kama wanavyoanza watoto wengi. Kumbe wa mwanawe umefunguliwa na kijiko kilichotetemeka. Alifurahi hata akataka kumpigia mwalimu simu saa ileile. Na chini ya furaha kikamchoma kitu ambacho hakukitarajia: jana mtoto huyu hakuwa na kona hata moja asiyoijua mama yake. Leo ana chumba, na chumba kina mlango, na ufunguo anao yeye. Akamfuta mikono taratibu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa alasiri sufuria kubwa lilikuwa mekoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Nana Fadhiya aliita mwonja chumvi. Khubaib alisimamishwa juu ya kigoda ili afikie upawa. Nasiha alikuwa akikuna nazi nje ya mlango, na nazi ile ilichukua muda mrefu kwisha.

"Sikiza," akasema Nana. "Humu jikoni, mimi na wewe, tunasema kweli tupu. Hunambii tamu kama si tamu. Hapana kuogopa, hapana kuhurumiana. Umefahamu?"

"Nimefahamu." Akaonja. "Bado."

Chumvi ikaingia kidogo.

"Bado."

Ikaingia tena. Khubaib akaramba upawa, akafumba macho kwa umuhimu wa cheo chake. "Hapo. Usitie tena, Nana."

"Sitii."

"Na mezani?" akauliza. "Mezani nikila nisemeje?"

Nana Fadhiya akacheka. "Mezani, babangu, chakula cha mtu ni kitamu siku zote. Mwenye kupika kachoka."

Sufuria lilikwenda msikitini na kurudi limefutwa kwa hamri mpaka chini. Athmani aliporudi alisema wazee wa baraza wameuliza kama Bi Fadhiya ameongeza kitu mwaka huu. Nana alisema ameongeza mwonjaji, na wasimshike kwa lawama, ana miaka minne.

Kesho yake kabla ya magharibi Khubaib alibeba sahani kama kawaida. Nasiha alisimama dirishani kumwangalia. Sugrabai alifungua mlango, akapokea, akaweka mkono kiunoni kwa furaha ya mtu anayejua anakuja kupata burudani yake ya siku.

"Haya, nambie. Sambusa zangu za jana zilikuwaje? Usinifiche."

Khubaib akamtazama.

"Tamu sana," akasema. "Ahsante."

Sugrabai akaushusha mkono kiunoni, kama aliyenyang'anywa kitu. "Lo," akasema, akainua uso kumtafuta Nasiha dirishani. "Na huyu mmeshamwondoa kwangu?" Lakini alimjazia sahani hata kitambaa hakikufunika.

Mtoto akapanda ngazi kwa uangalifu, hakumwaga kitu. Nasiha akampokea mlangoni, akachutama mbele yake.

"Khubaib. Kweli zilikuwa tamu?"

Khubaib akachungulia nyuma ya mama yake, upande wa jikoni, kisha upande wa ukumbini ambako busati lilikuwa limeshatandikwa, na akaona kwamba hapo waliposimama si huku wala si kule.

"Mama," akauliza, "hapa ni jikoni au mezani?"

Nasiha akamshika uso kwa mikono miwili.

"Mimi na wewe, babangu, ni jikoni siku zote."

Basi Khubaib akamsogelea, akaweka mdomo sikioni mwake, akamwambia kwamba pilipili ilikuwa nyingi.